Mwongozaji yule yule, nchi ile ile, hela zaidi: kwa nini The Hobbit ilinikimbizia wateja?

Mwenye Kibanda (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda umiza huku Ngamiani, viti vya plastiki arobaini, mabenchi mawili mbele ya watoto, na projekta moja ninayoibembeleza kama mgonjwa. Hela yangu ni siku za mpira. Siku zisizo na mpira naweka picha, na shida yangu imeanzia hapo.

Mwezi uliopita nilijitosa nikaweka The Lord of the Rings zote tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, kila usiku moja, kiingilio mia tano. Nilikuwa na wasiwasi. Hizo ni picha za 2001, 2002 na 2003, nusu ya wateja wangu walikuwa hawajazaliwa, na ile ya mwisho ina urefu wa zaidi ya saa tatu. Wakuu, niliumbuka kwa kuwadharau. Jumamosi, kwenye ile vita ya ngome, usiku na mvua, watu walisimama kama wako uwanjani. Gandalf, yule mchawi mzee, walikuwa wameshambatiza "Babu" tangu siku ya kwanza. Alfajiri ilipoingia na Babu akatokea juu ya mlima na farasi wake mweupe, dogo mmoja aliruka akamwaga kikombe cha chai cha mzee aliyekaa mbele yake, na yule mzee hata hakugeuka. Jumapili watu walichungulia kwenye matundu ya turubai.

Nikasema basi, nimeokota dhahabu. Wiki iliyofuata nikaweka The Hobbit, nazo ni tatu. Ijumaa nilipata watu thelathini na watano. Jumamosi kumi na tisa. Jumapili walikuja saba, wawili wamelala, mmoja kati ya hao wawili ni shemeji yangu ambaye halipi.

Sasa nisaidieni. Mwongozaji ni Peter Jackson yule yule. Nchi ni New Zealand ile ile. Babu ni yule yule Ian McKellen. Kitabu ni cha Tolkien yule yule. Zile tatu za mwanzo ziligharimu karibu dola milioni 280 kwa pamoja, hizi za pili zimekula zaidi ya milioni 700. Hela imeongezeka, utamu umekwenda wapi? Mke wangu anauza maandazi mlangoni na huwa anaona picha kwa vipande vipande tu, ila kaniambia: "Wale wa kwanza walikuwa wanakwenda mahali. Hawa wanakimbizwa tu." Sijapata jibu bora kuliko hilo, na linaniuma kwamba limetoka kwa mtu aliyekuwa anahesabu chenji.

Na swali la pembeni. Wateja wananidai King Kong na Dune, na zote mbili zimetengenezwa zaidi ya mara moja. Mtu ana haki lini ya kurudia picha ya mwenzake? Msinijibu "ni mtazamo tu". Hilo hata shemeji yangu anaweza kulisema akiwa usingizini.

Msoma Kurasa

Mwenye Kibanda, chukua kalamu. The Hobbit ni kitabu kimoja cha watoto cha 1937, kurasa kama mia tatu. Wamekitolea picha tatu zenye jumla ya dakika 474. The Lord of the Rings ni zaidi ya kurasa elfu moja, na picha zake tatu, zile zilizoonyeshwa sinema, ni dakika 558. Gawanya mwenyewe. Kule kila ukurasa ulipewa nusu dakika, ikabidi wachuje, wabaki na nyama. Huku kila ukurasa umepewa dakika moja na nusu. Ni uji uleule umeongezewa maji ili utoshe msibani.

Mfano ni ile vita ya mwisho iliyokulalishia shemeji. Kitabuni, Bilbo, mhusika mkuu, anapigwa jiwe la kichwa vita ikiwa bado inaendelea, anazimia, na anapozinduka vita imekwisha. Tolkien alijua kitabu chake ni cha mtu mdogo aliyeponea chupuchupu, hakikuwa cha vita. Jackson kaichukua sehemu hiyo kaifanya karibu robo tatu ya saa ya mapanga. Halafu Legolas, yule mrusha mishale, kwenye kitabu hicho hayumo kabisa. Yule dada Tauriel hayumo kwenye kitabu chochote cha Tolkien, wamemtunga waandishi wa filamu, wakampachikia na mapenzi ya watu watatu.

Mkeo yuko sahihi. Bilbo kitabuni ana safari. Kwenye picha safari imefunikwa na wapita njia.

(La pembeni: Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, 1892. Kila nikilitaja hili watu hubisha, kwa hiyo nalitaja.)

Fundi Sauti, Mombasa

Hesabu ya kurasa ni nzuri lakini haitoshi, ndugu yangu. Mimi nafanya kazi ya sauti, harusi na matamasha, na nakuambia tatizo ni muda wa kujiandaa.

Kwa zile za kwanza, Jackson na wenzake walianza kuandika 1997, kamera haikuwashwa mpaka Oktoba 1999. Katikati hapo watu walikuwa wanachonga. Mavazi ya chuma unayoyaona ni viringi vya plastiki, mamilioni, vimeunganishwa kimoja kimoja kwa mkono. Ile vita yako ya ngome ilipigwa usiku kwa miezi mitatu minne, mvua ya mipira ya maji ikiwanyeshea. Na ile sauti ya jeshi la mazimwi wakinguruma kabla ya kushambulia? Hawakuitoa kwenye mashine. Jackson aliingia uwanjani Wellington wakati wa mapumziko ya mechi ya kriketi, akawaongoza mashabiki wapatao 25,000 kupiga kelele kwa lugha ya mazimwi, wakarekodi. Ndiyo maana watu wako walisimama kama wako uwanjani. Walikuwa wanasikia uwanja!

Sasa The Hobbit. Mwongozaji aliyeiandaa hakuwa Jackson, alikuwa Guillermo del Toro. Alikaa nayo kama miaka miwili, mambo yakakwama, studio mojawapo ilikuwa hoi kifedha, mwezi Mei 2010 akajitoa. Jackson akaingia kwenye viatu vya mwenzake. Mapema 2011 akalazwa kwa kidonda cha tumbo kilichotoboka, na Machi mwaka huo huo kamera zikaanza kuzunguka. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuna siku alifika kazini hajui anapiga nini. Kisha Julai 2012, walipomaliza tu kupiga kama picha mbili, ikatangazwa zitakuwa tatu. Fikiria umepika pilau la watu mia mbili, sahani zishatoka, ndipo mwenye shughuli anakwambia wageni ni mia tatu.

Mwenye Kibanda (Tanga)

Fundi, hapo kwenye kriketi nimesisimka. Nimewasomea vijana wawili wanaonisaidia kufunga turubai, mmoja kanijibu, "Kumbe hata mazimwi ni mashabiki."

Lakini ngoja. Kulikuwa na kitu kingine, sijui nikiseme vipi. Kwenye zile za zamani mtu akipigwa unaona kapigwa. Kwenye The Hobbit kila kitu kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Yule zimwi mweupe, mkubwa wao, mzee mmoja kwangu alisema "huyu ni wa gemu". Na wale vibete kumi na watatu! DJ aliyetafsiri nakala niliyonayo alihangaika nao dakika kumi: Fili, Kili, Oin, Gloin, Dori, Nori, Ori, Bifur, Bofur, Bombur, Balin, Dwalin, Thorin. Mwisho akachoka, akawaita wote "wazee wa mashoka" mpaka picha inakwisha. Simlaumu.

Fundi Sauti, Mombasa

Macho ya mzee wako yaheshimiwe. Huyo zimwi mweupe, Azog, mwanzo aliigizwa na mtu wa kweli ndani ya vazi. Baadaye wakaamua hawakumpenda, wakamtoa, wakamchora upya kwa kompyuta. Mzee kaona kiraka.

Na kuna la kusikitisha zaidi. Kwenye zile za kwanza, kumfanya Babu awe mrefu na Frodo, yule shujaa mdogo, mfupi, walitumia ujanja wa fundi seremala. Babu anakaa karibu na kamera, Frodo anakaa nyuma, meza yenyewe ni vipande viwili visivyolingana vilivyopangwa mpaka vionekane kimoja. Kamera ikisogea, na kiti kinasogea. Waigizaji wako chumba kimoja, wanaongea. The Hobbit ilipigwa kwa 3D, yaani kamera mbili kama macho mawili, na macho mawili hayadanganyiki kwa ujanja huo. Kwa hiyo McKellen aliwekwa peke yake kwenye chumba cha kijani, vibete wako chumba kingine, mbele yake kuna picha zao zimebandikwa juu ya vijiti, na taa inawaka kumwonyesha nani anasema sasa. Mzee wa watu, bingwa wa majukwaa ya Uingereza, alilia. Amelisimulia mwenyewe.

Ukiona Babu kachoka kwenye picha ile, si uigizaji.

Mama Wawili, Kigamboni

Jamani mnaiua The Hobbit kama vile haikuzaliwa na mama. Ile ya kwanza peke yake iliingiza zaidi ya dola bilioni moja. Wote hao walioilipia walikuwa wamelala?

Mimi nimeiangalia na wanangu, wa miaka tisa na sita, na kuna sehemu sitaisahau. Ni pale Bilbo na Gollum, yule kiumbe anayeishi pangoni, wanategana vitendawili. Yule mwanangu mdogo, wa miaka sita, hajui Kiingereza cha maana, nikawa nasimamisha na kumtafsiria. Nikasema "Kitendawili!" akaruka "Tega!" Tukakaa hapo nusu saa kwa sehemu ya dakika chache. Kile chenye jibu la "wakati" alikipata kabla ya dada yake, akatamba wiki nzima.

Na mkubwa akaniuliza swali ambalo sijaona mchambuzi yeyote akiliuliza: "Mama, mbona hawaombi mji?" Kwetu ukishindwa kitendawili unatoa mji ndipo unapewa jibu. Nikamwambia, Gollum kashindwa, na mji anaodaiwa ni njia ya kutokea pangoni. Anakataa kuutoa, ndiyo maana ugomvi. Mtoto akaridhika, na mimi nikaielewa hadithi vizuri zaidi kuliko nilivyoielewa sinema.

Kwa hiyo Mwenye Kibanda, kosa lako ni kuweka zote tatu. Weka ya kwanza tu, watangazie vitendawili, uone.

Mwenye Kibanda (Tanga)

Mama Wawili, umenitoa tongotongo. Ijumaa ile, watu thelathini na watano, sehemu hiyo ndiyo pekee kibanda kilikuwa hai. Watoto wa benchi la mbele walikuwa wanajibu kwa sauti, wanakosea, wanacheka. Mimi nikadhani wanavuruga, nikawafokea wanyamaze. Kumbe nilikuwa nazima moto niliokuwa nauomba uwake.

Msoma Kurasa

Nakubali, pango ni zuri. Na angalia kwa nini: watu wawili, chumba kimoja, maneno. Martin Freeman, aliyeigiza Bilbo, na Andy Serkis, aliyeigiza Gollum, walipewa sehemu hiyo mwanzoni kabisa mwa upigaji, wakaiigiza mfululizo kama mchezo wa jukwaani. Hakuna kibete hata mmoja mle ndani.

Nije kwenye swali lako la kurudia. Mimi nasema ugonjwa wa The Hobbit ulianza 2005, kwenye King Kong ya huyu huyu Jackson. Kong ya 1933 ni dakika 100. Ya Jackson ni 187. Unakaa zaidi ya saa nzima kabla hujamwona nyani mwenyewe! Kuna watu melini, kuna mapenzi melini, kuna kijana anasoma riwaya melini. Wateja wako watakuuliza kama mnyama amechelewa basi.

Fundi Sauti, Mombasa

Hapo sikubali hata kidogo, Msoma. Kong ya 2005 ni ndefu, ndiyo, lakini ni ndefu kwa mahaba. Jackson aliiona ile ya 1933 kwenye televisheni akiwa na miaka tisa, akaanza kutengeneza nyani wake mwenyewe nyumbani. Alijaribu kuirudia miaka ya tisini, studio ikamkatalia mwanzoni mwa 1997, na kukataliwa huko ndiko kulikompeleka kwenye The Lord of the Rings. Aliporudi kwa Kong alikuwa na deni la utotoni. Lile nyani la 1933 lilikuwa mwanasesere wa urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole, likisogezwa kidogo kidogo kwa kila picha. Jackson kampa Andy Serkis, na nyani kapata macho. Pale kwenye barafu, New York, nyani na yule dada wanateleza, hakuna anayempiga mwenzake. Hiyo 1933 haikuwa nayo, na haiwezi kuondolewa ikabaki picha ileile.

Mtu ana haki ya kurudia akiwa na kitu cha kumwongezea wa kwanza.

Msoma Kurasa

Au wa kwanza akiwa alishindwa. Aliyefaulu muache apumzike.

Mwana wa Muscat

Hapo mmenivuta. Asalaam aleikum wote. Mimi mzaliwa wa Unguja, kazi yangu iko Muscat, na nilikuwa nasoma kimya kimya.

Dune ndiyo mfano wa alilosema Msoma. Kitabu cha Frank Herbert, hadithi ya sayari ya jangwa, ni cha 1965. David Lynch alipewa akitengeneze, ikatoka 1984, kitabu kizima kimesindikwa ndani ya dakika 137, na mkato wa mwisho hakuachiwa yeye. Watu wanasemeshwa mawazo yao kwa kunong'ona kwa sababu muda wa kuyaonyesha haukuwepo. Lynch mwenyewe aliikana, na ile nakala ndefu ya televisheni alitaka jina lake litolewe. Denis Villeneuve, mwongozaji wa hii mpya, alifanya kitu kimoja cha akili: alikikata kitabu katikati. Nusu ya kwanza 2021, nusu ya pili 2024. Na alikuwa anacheza kamari, maana nusu ya pili haikuidhinishwa mpaka ya kwanza ilipotoka na watu wakaingia. Studio ingesema basi, tungebaki na hadithi isiyo na mkia.

Lakini nataka kuwaambia kitu ambacho sisi tunakisikia na wengine hawakisikii. Niliiona sinema, huku huku. Wale watu wa jangwani wanamwita kijana, shujaa wa hadithi, "Lisan al-Gaib". Ukumbi mzima wa Waarabu ukacheka kidogo, kwa matamshi. Mimi nilikaa wima. Lisani, ghaibu! Bibi yangu Unguja akisema mambo ya ghaibu tulikuwa tunanyamaza wote. "Ulimi wa ghaibu": hata bila maandishi ya chini naelewa kwa nini watu wanapiga magoti. Halafu "Mahdi", hilo halihitaji mkalimani. Halafu kijana anaitwa "Muad'Dib", na ndani yake unasikia adabu, yule atiaye adabu, mwalimu. Kitabuni ni jina la panya wa jangwani, na kijana anachagua mwenyewe kuitwa hivyo. Na "Usul", usuli, msingi.

Kitu kimoja kilinikera. Kitabuni Herbert anatumia neno jihadi waziwazi, tena mara nyingi. Kwenye picha wamelikwepa, wanasema vita takatifu. Wamechukua jangwa, sehemu yake limepigwa Liwa, Abu Dhabi, na sehemu Wadi Rum, Jordan. Wamechukua vilemba na majina, lakini neno lililokuwa moyo wa onyo la kitabu wameliacha nje ya mlango kama viatu. Picha ni nzuri mno, nimeirudia mara nne. Ila hilo namdai Villeneuve.

Mama Wawili, Kigamboni

Mwana wa Muscat, wewe ukaandike kitabu. Mimi Dune ya kwanza nililala. Ya pili sikupepesa.

Mwenye Kibanda (Tanga)

Wakuu, narudi na ripoti.

Jumamosi nimeweka Dune, ya 2021, nakala isiyo na DJ kwa sababu DJ wangu alidai mwezi. Waliingia ishirini na sita. Saa ya kwanza walinuna, nikaona The Hobbit inarudi. Kwa bahati alikuwepo ustadhi wa madrasa ya jirani, kaja kumtafuta mwanawe, kasimama mlangoni na andazi mkononi. Ikatamkwa ile "Lisan al-Gaib". Ustadhi akauliza, "Kasema nini huyo?" Nikamwambia nilivyosoma hapa. Akaingia, akakaa, mwanawe pembeni yake roho juu. Kuanzia hapo kila neno likipita watu wanamgeukia ustadhi. Yeye anatafsiri, tena kwa sauti ya darasani, na pale asipojua anasema "hilo lao". Nimepata DJ wa bure. Jumapili ya sehemu ya pili walikuja hamsini na moja, na viti ni arobaini.

Lile deni la Villeneuve nilimweleza ustadhi. Alifikiri kidogo akasema afadhali walivyoliacha, maana wangelitamka vibaya. Mwana wa Muscat, mtamalizana wenyewe.

The Hobbit ya kwanza nitaiweka tena mwezi ujao, mchana, watoto bure, na kabla ya pango nasimamisha picha tutegane kwanza. Mke wangu kashaniambia atakayeshindwa kitendawili chake atanunua maandazi badala ya kutoa mji.

Kong bado sijaamua. Fundi na Msoma, endeleeni kugombana, nasoma. Ila wiki hii msinisubiri, Jumamosi ni Simba na Yanga.